Mume wa Kwenye Picha

Soko la Majengo saa nne asubuhi halina adabu: mtu anakukanyaga, halafu anakuuliza kama huoni. Upepo wa Agosti ulikuwa umezoa vumbi la mtaa mzima na kulimwaga juu ya nyanya, vitenge na vichwa vya watu. Katikati ya vurugu hiyo alipita Asma, gauni refu la bluu, mtandio wa rangi ya maziwa, raba miguuni na pete kidoleni. Alikuwa akitafuta unga mwekundu wa sakafu, ule wa zamani ambao siku hizi wenye maduka wakiulizwa hucheka kwanza.

Aliupata duka la sita. Pakiti mbili tu, za mwisho. Aliponyoosha mkono, mkono mwingine ukatua juu ya pakiti zile zile.

"Samahani dada, hizi nimeshazinunua."

"Umemlipa nani? Muuzaji yuko kule anakunywa chai."

"Nimezinunua moyoni."

"Moyoni hawatoi risiti, kaka."

Mwanaume yule alicheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, miwani imejaa vumbi mpaka mtu ungejiuliza anaona nini. "Basi tugawane. Moja yako, moja yangu."

"Sakafu haigawanywi. Ukianza na pakiti moja, nusu ya sebule itakuwa nyekundu, nusu itakuwa kama inaumwa."

"Kumbe nimekutana na mtaalamu! Nipe namba yako basi, nikikwama nikuulize."

Hapo Asma akafanya alichozoea kufanya. Aliinua kidole chenye pete, akatoa simu, akabonyeza namba iliyoandikwa Baba Watoto. Upande wa pili mashine ilikuwa ikinguruma.

"Mume wangu? Nimeupata ule unga. Ndiyo. Haya, baadaye."

Uso wa yule mwanaume ukabadilika kwa heshima. Akarudi nyuma hatua moja, akazisukuma pakiti zote upande wake. "Nisamehe shemeji. Chukua zote. Msalimie mwenzangu."

Sasa msomaji usimhukumu haraka. Asma Hasani hakuwa na mume wala watoto. Alikuwa na kazi ambayo Dodoma ya miaka hii imeizaa: kuandaa nyumba za zamani ziuzike. Tangu ofisi za serikali zihamie Mtumba, kila mwenye nyumba kuukuu mjini anaota mnunuzi. Asma huingia kwenye nyumba iliyochoka, huziba nyufa, hupaka rangi, kisha huleta vitu vyake mwenyewe: mapazia, mazulia, meza ya chakula, vitanda viwili na kochi la kijani la mahameli. Nyumba ikinunuliwa, vitu hupakiwa kwenye kirikuu, kale kagari ka mizigo, na kupelekwa nyumba nyingine. Kochi lile lilikuwa limeshakaa nyumba kumi na moja. Yeye mwenyewe alipanga chumba kimoja Chang'ombe, godoro chini na sufuria mbili, maana kila kizuri alichonacho kilikuwa kwa watu. Na kwenye kochi lake hakuwahi kuketi hata siku moja. Aliogopa kulizoea.

Mwanamke peke yake ndani ya nyumba tupu, na mafundi, na madalali, husumbuliwa. Mwaka wa kwanza alisumbuliwa mpaka akalia. Mwaka wa pili akanunua pete hapo hapo Majengo. Kaka yake Shaaban, mkamuaji wa alizeti kule Kondoa, ambaye tangu baba yao afariki ndiye msimamizi wake, akakubali huku akicheka kuwa mume wa simu. Hata picha walipiga: Asma, Shaaban, na mtoto mchanga wa Shaaban, wote wamependeza siku ya Idi. Picha ile nayo ikawa kifaa cha kazi. Ikiwekwa sebuleni, wake za wanunuzi huitazama wakalainika.

Saa nane mchana alikuwa Makole, mbele ya nyumba ya kazi mpya. Aliyemwajiri ni mama mmoja, Sabrina, aliyempigia simu kutoka Babati. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, mama yao sasa yuko kwake Babati, na nyumba isiyo na mtu huzeeka haraka kuliko mtu. "Mdogo wangu Hamza yuko hapo likizo, atakufungulia," alisema.

Mlango ulifunguliwa na miwani yenye vumbi.

"Shemeji!"

"Wewe!"

"Kumbe tulikuwa tunagombania sakafu moja," akasema Hamza, akacheka mpaka akaegemea mlango. Asma naye alicheka, na kile kicheko kilimtoka bila kupitia kwenye akili.

Hamza alikuwa mpima ardhi huko Tabora. Likizo yake ilikuwa ya siku ishirini na nane, nne zimeshakwenda. Siku zilizobaki walizitumia pamoja, na fundi rangi wao mzee Sebastiani, Msandawe wa Chemba, mtu wa maneno machache na macho mengi. Walibadilisha bati lililovuja juu ya chumba cha nyuma. Walikwangua rangi za miaka hamsini ukutani, ya kijani, ya krimu, ya bluu, na chini kabisa nyeupe ya chokaa. Kila tabaka Hamza alikuwa na hadithi yake.

"Hii ya bluu alipaka baba alipozaliwa dada Sabrina. Ilibaki, akapaka na baiskeli."

"Na sakafu? Kwa nini hukutaka vigae?"

"Mama aliisugua kwa nta kila Alhamisi. Nilitaka tumkabidhi mgeni sakafu, siyo kidonda."

Asma aliinama akaendelea kusugua, maana machozi yalikuwa yamemlengalenga. Kazi ya sakafu ilichukua siku tatu. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, jua liliingia kwa dirisha la magharibi, likagonga wekundu ule mpya, na dari yote ikawa nyekundu kama imeona haya. Walisimama pale mlangoni na viatu mkononi, na kwa kitambo kirefu Asma alisahau kuwa nyumba ile ilikuwa ya kuuzwa.

Vitu vyake vilipofika, nyumba ikaanza kupumua. Mapazia meupe yalivimba kwa upepo, yakatulia, yakavimba tena. Kuna siku alipanga meza ya chakula, sahani mbili, vikombe viwili, bakuli la zabibu za Makutupora, akamwambia Hamza aketi.

"Jifanye baba mwenye nyumba. Umetoka kazini. Niambie unaona nini, nijue kama nimepanga vizuri."

Hamza aliketi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Naona chakula. Naona pazia." Akamtazama. "Naona mke."

Pazia likavimba.

"Wa mtu," akamalizia, akainuka. "Umepanga vizuri, shemeji."

Shemeji, shemeji! Neno tamu kwa wengine, kwake lilikuwa mwiba. Kila alipolisikia alitaka kuivua ile pete na kuitupa barabarani. Alikuwa amempenda. Amempenda mchana kweupe, mbele ya ndoo na brashi, na uongo wake mwenyewe umesimama katikati kama askari wa geti.

"Njia ya mwongo ni fupi, binti," alisema mzee Sebastiani siku hiyo wakati akiosha brashi. Miaka mitatu alikuwa akifanya naye kazi, na huyo mume hajamwona hata kivuli.

"Nitamwambia, baba. Nitamwambia kesho."

Kesho ilikuwa siku ya kutundika picha. Mnunuzi alitarajiwa asubuhi inayofuata. Asma alikuwa ameazimia kuiacha picha ndani ya boksi, lakini alipotoka nje kupokea taa, mzee Sebastiani, kwa mazoea ya nyumba zote zilizopita, akaitundika juu ya kochi la kijani. Aliporudi alimkuta Hamza amesimama mbele ya picha hiyo, mikono nyuma, anamtazama Shaaban.

"Huyu ndiye yeye."

"Hamza, kuna jambo..."

"Ngoja nimalize, maana sitathubutu mara ya pili. Nyumba ikinunuliwa kesho, keshokutwa narudi Tabora, ingawa likizo haijaisha. Nikikaa zaidi nitamkosea mtu ambaye hajanikosea." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu hatua gizani. "Usidhani nakulaumu. Ulinionyesha pete siku ya kwanza, pale pale dukani. Wengine huficha. Mimi nilishafichwa hivyo na mwanamke mwingine, najua uchungu wake. Ndiyo maana nakuheshimu."

Basi angesemaje? Heshima yote aliyopewa ilikuwa imejengwa juu ya ile pete ya soko. Akisema kweli, anaipoteza. Asiposema, anampoteza Hamza mwenyewe. Hamza akatoka kwenda kufunga geti.

Mnunuzi alikuja saa tatu kamili, Bi Sikudhani, mkubwa fulani wa wizara huko Mtumba, kitenge cha zambarau, kilemba kikubwa, na mume mpole aliyembebea mkoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe, tuone."

Aliona. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa alipoiona sakafu. Alifungua bomba, akafunga. Alitazama chumba cha nyuma, akatazama ua. Kisha alirudi sebuleni, akasimama mbele ya picha, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haya, hapa ndipo nimeshindwa. Nyumba nyingi nimeona, nzuri, baridi kama ofisi. Hii ina ndoa ndani yake. Tazama mwanaume anavyocheka! Binti yangu anaolewa Desemba, nataka aanzie maisha kwenye nyumba yenye baraka ya namna hii. Mume wako yuko wapi nimsalimie?"

Hamza alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Sabrina huko Babati alikuwa akisubiri simu. Nusu ya riziki ya Asma ya mwaka huo, na jina lake lote mjini, vilikuwa kwenye jibu la neno moja. Akamtazama Bi Sikudhani, lakini aliyekuwa akiambiwa alisimama mlango wa jikoni.

"Mama, sina mume. Huyo ni kaka yangu, Shaaban, anakamua alizeti Kondoa. Mtoto ni wake. Mimi siishi hapa, vitu hivi naweka tu ili nyumba ipendeze. Hata pete hii ni ya Majengo. Naivaa nisisumbuliwe. Nisameheni." Aliivua, akaiweka mezani, kando ya bakuli la zabibu. "Nyumba ni ya huyu hapa. Waliishi yeye, dada yake na wazazi wao, na mama yake aliisugua sakafu hii kila Alhamisi. Baraka iliyopo ni hiyo. Ya kwangu ni ya uongo."

Mume wa Bi Sikudhani akauhamisha mkoba mkono mwingine.

"Bati linavuja?" akauliza Bi Sikudhani ghafla.

"Lilivuja chumba cha nyuma. Tumelibadilisha. Mzee Sebastiani atakuonyesha lile la zamani, lipo uani."

"Mtu aliyejivua nguo hivi hawezi kunidanganya kwa bati." Akamgeukia mumewe. "Baba, leta kalamu."

Lakini mlango wa jikoni ulikuwa mtupu. Baadaye Hamza alirudi kuweka sahihi kwa niaba ya familia, aliweka, alishukuru, alimpa mzee Sebastiani funguo, akaondoka na begi lake bila kumtazama Asma.

Siku tatu simu yake haikupatikana. Asma alimpigia mpaka akaona haya na ile sauti ya kumwambia ajaribu tena baadaye. Kazi ikamshika mkono: alikunja mapazia, akafungua vitanda, akaifunga picha ndani ya gazeti. Siku ya nne, asubuhi yenye upepo, kirikuu kilikuwa nje ya geti la Makole. Wabebaji walikuwa wameshapandisha kochi la kijani, na dereva anauliza, "Dada, tunapeleka wapi safari hii?"

Simu ikalia. Baba Watoto.

"Haloo, mume wangu," akasema, mazoea yana tabu.

"Acha hayo leo!" Shaaban alipaza sauti juu ya mashine. "Una mgeni huku Kondoa. Mrefu, miwani. Kaja tangu jana anauliza mji mzima, wapi anapokamulia alizeti Shaaban. Anasema kaja kumwona mume wako kwa macho yake. Nimempa gunia akalie. Mke wangu kamwona, mtoto kampakata, mtoto kamkojolea. Sasa anataka simu."

Asma alishika ubavu wa gari.

"Asma."

Wiki zote zile hakuwahi kumwita kwa jina.

"Hamza, nilikudanganya. Nisamehe."

"Ulinidanganya. Nilikasirika siku tatu. Hasira imebaki kidogo, nitaimalizia njiani."

"Na huko umefuata nini?"

"Mimi mpima. Sisaini ramani mpaka nimekanyaga mpaka kwa miguu yangu. Nimekanyaga. Hakuna mume, kuna kaka tu, na pua mmechangia moja." Akakohoa. "Nyumba sina tena, unajua. Nimeomba uhamisho, kuna viwanja vingi vya kupima Msalato. Tutaanza na vyumba viwili vya kupanga. Kochi litaingia?"

"Litaingia," alisema Asma, machozi yakimchuruzika bila kuomba ruhusa.

"Basi nimemuuliza shemeji yangu huyu wa kwenye picha posa inapokelewa siku gani. Anasema hapokei kitu mpaka useme wewe."

Mashine ya Kondoa ikazimwa. Huko, Shaaban alikuwa anasubiri kusikia.

"Dada, tunakwenda wapi?" akauliza tena dereva.

Asma hakumjibu. Alikanyaga tairi, akapanda nyuma ya kirikuu, akakusanya gauni lake la bluu, akaketi kwenye kochi la kijani katikati ya barabara ya Makole, watu wanapita, upepo unavuta mtandio. Lilikuwa laini. Miaka yote ile lilikuwa laini hivi.

"Asma? Upo?"

"Nipo," alisema. "Nimekaa. Mwambie kaka, Ijumaa."