Karibu ya Gundi

Giza lilikuwa linaanza kuingia Bi Sahani alipokwenda duka la jirani kununua gundi nyeupe.

"Gundi tena?" muuza duka alimtania. "Hivi dada, wewe unapika au unaranda mbao?"

"Vyote," alijibu, akaondoka na chupa yake.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vyakula. Mtaa ulimbandika jina la Bi Sahani kwa sababu hakuonekana bila sahani kwapani. Maziwa ya kweli hulowesha nafaka kabla picha haijakaa sawa, kwa hiyo yeye alimimina gundi. Asali yake ilikuwa oili ya gari. Chakula kilichowatia watu mate kwenye mabango kingeweza kumlaza mtu hospitali, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni mama yake mzazi, aliyelala chumba cha ndani akizidi kukonda. Kila alichopewa alikitema.

"Kina ladha ya gundi, mwanangu," alilalamika hata jioni hiyo. Na uji ule Bi Sahani aliukoroga mwenyewe, kwa maziwa halisi.

Alirudi kazini kwake sebuleni, moyo mzito. Alisogeza meza dirishani, akasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaegesha ubao mweupe upande wa pili ili mwanga wa mwisho urudi kwenye bakuli la nafaka na gundi. Nyuma ya meza aliweka kiti kitupu, picha ionekane kama inamsubiri mtu. Kisha akasema neno alilozoea kulisema kila mara kabla ya kubonyeza kamera, utani wake mwenyewe:

"Haya, karibu mezani!"

Kriii...

Kiti kilijivuta.

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilijaa chumba. Aliinama kutazama kioo cha kamera. Kijiko cha kwenye bakuli kilikuwa kimehama. Na tumboni mwa kijiko, pale panapong'aa, aliona dirisha, akaona ubao, akaona miguu mitatu ya stendi... na mtu aliyekaa.

Ameinamisha kichwa. Anatafuna.

Ptu!

"Kila siku unanikaribisha," sauti ilinong'ona. "Kila siku gundi..."

Bi Sahani alitaka kukimbia.

"Basi ladha naichukua kwa mama yako."

Hapo mgeni alichokoza pabaya. Woga wote ulimtoka Bi Sahani, hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Kwa mama yangu? Aliyekukaribisha ni nani? Si mimi? Ungekuja kwangu, mwoga mkubwa wewe!"

Alilinyakua bakuli, akalirusha nje ya dirisha, gundi na yote. Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la uji uleule mama aliokuwa ameukataa, ungali wa moto, na kijiko, akavibwaga mezani.

"Haya. Huu ni uji, na haya ni maziwa. Kula, ushibe, uondoke. Ukimgusa tena mama, nitakuwashia taa zote nilizonazo, nikupige picha mpaka mji mzima uijue sura yako!"

Kijiko kiligonga bakuli. Taratibu kwanza. Kisha kwa pupa. Bi Sahani alisimama palepale, mikono kiunoni, akiutazama uji ukipungua mpaka bakuli likabaki tupu. Harufu ya majivu ikafifia.

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani. "Hakuna chochote cha kula huko? Nina njaa."

Bi Sahani alilia kwa furaha, wala hakuyafuta machozi. Alimshika mama mkono, akamketisha mezani, akampakulia uji mwingine. Mama alionja. Akalamba midomo.

"Heee! Leo uji una maziwa," alisema, akacheka.

Alikula vijiko kadhaa. Kisha akainua macho, akakitazama kile kiti kitupu, na kwa adabu aliyolelewa nayo akatabasamu.

"Kari..."

"Kiti kina mtu, mama!" Bi Sahani aliruka, akakikalia kwa uzito wake wote. "Hapa nakaa mimi."

Kilikuwa na joto, kama kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Au ambaye hajainuka.

Bi Sahani alikishika kwa mikono miwili, akajikita palepale.

"Kula, mama," alisema. "Kula umalize."