Ukoo wa Vijidudu Bandani Kwangu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kuku nawajua. Kila asubuhi naokota mayai, nampelekea mkwe wangu, mke wa mwanangu. Ana kibanda cha chai karibu na karakana. Mafundi wanapenda mayai yake ya kukaanga, kiini kikiwa bado majimaji.

Kuku wangu walikuwa hawaugui. Nilikuwa na siri. Vile vidonge vya rangi mbili vya hospitali vikibaki, navifungua, namwaga unga kwenye maji yao. Kidogo tu, kila siku. Nilijiona daktari, jamani!

Siku moja wateja wanne wakaharisha. Mmoja wao, fundi cherehani, akalazwa. Akapewa dawa, wapi! Homa palepale. Bwana afya akaja, akafunga kibanda.

Mkwe wangu akakaa kizingitini, mikono mapajani. "Baba, wananiita mpika sumu. Nani atakula kwangu tena?"

"Usilie, mwanangu. Ni yule muuza maziwa anayekuletea ya chai. Maziwa yake hayaaminiki."

Kumbe mwenyewe anapita. "Mzee, ng'ombe wangu ana adabu kuliko wewe!"

Bwana afya akachukua maziwa, mayai, hata mavi ya kuku. Nikamcheka sana. Siku zikapita, akarudi na karatasi ya maabara.

"Kwenye maziwa kuna bakteria," akasema.

"Si nilisema!" Nikaruka, mgongo ukalia ko!

"Subiri, mzee wangu. Maabara wamesoma vinasaba vyao. Vinasaba vinaonyesha nani ni ndugu wa nani. Hawa wa maziwa ni ukoo mwingine. Maziwa yakichemka, wanakufa. Lakini waliotoka tumboni mwa fundi cherehani na waliotoka bandani kwako ni baba mmoja, mama mmoja."

Nikakaa chini.

"Tena ni sugu. Dawa ya kawaida haiwaui. Kuku wako wanakunywa nini?"

Nikaangalia juu. Mkwe wangu akaniangalia mimi. Basi nikasema yote.

"Hapo ndipo ulipokosea," akasema. "Ukiwapa dawa kidogo kidogo, vijidudu wanyonge wanakufa. Wenye nguvu wanabaki, wanazaana. Mtu akiwala kwenye yai bichi, anaugua, na dawa inagonga mwamba."

"Kwa hiyo si mkwe wangu?"

"Yeye aivishe yai mpaka kiini kishike. Mengine ni yako, babu."

Nikachukua fimbo yangu, nikaenda mpaka karakana. Nikasimama katikati ya mafundi. "Jamani, aliyewaharisha ni mimi! Mkwe wangu msimguse." Kisha nikamwomba radhi muuza maziwa. Akacheka mpaka ndoo ikamwagika.

Fundi cherehani alipata dawa nyingine, ile maabara waliyoona inawaua wale sugu. Akapona. Daktari wa mifugo akawaondoa kuku wale, banda tukaliosha, likakaa tupu. Sasa nina vifaranga wapya. Wanakunywa maji matupu. Akiugua mmoja, namwita daktari, simtibu mwenyewe. Na mimi nikipewa dawa, nameza kama nilivyoelekezwa, sibakizi. Tukitoka bandani tunanawa kwa sabuni.

Kibanda kikafunguliwa. Watu wakasimama mbali, wakitegeana. Mkwe wangu akawa anafuta meza ambayo tayari ni safi. Akatokea fundi cherehani, suruali inampwaya kwa kukonda. Akavuta benchi, akakaa.

"Mama, yai. Liive mpaka likome!"

Mafundi wakaangua kicheko. Kufumba na kufumbua, mimi mwenyewe sikupata pa kukaa.