Tangi Lililokataa Kunyooshwa

Jumatatu asubuhi Norris Heathcote aliingia bandani na kikombe chake cha chai, akakuta tangi la pikipiki limebonyea tena. Shimo dogo tu, la kutosha kulaza yai. Alikuwa amelinyoosha wiki iliyopita, akalipaka rangi ya kijani tabaka saba, mpaka ukijitazama humo unaona hata matundu ya pua yako. Na rangi haikupasuka.

"Beryl, umegusa pikipiki?"

"Niguse nini mie?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Magoti haya hata chooni yananifikisha kwa huruma."

Wanaume wa mji wetu wa Leek hupenda vyuma vya zamani kuliko wake zao, hilo tunalijua sote, ila Norris alizidi. Pikipiki ile ilikuwa ya mwaka 1911, yenye mkanda wa ngozi badala ya mnyororo, na aliitoa vipande vipande katika banda la kuku la Bi Winifred Salt, bikizee wa miaka tisini. Kaka yake bibi huyo, Ambrose, alifia juu ya pikipiki hiyo: mkanda ulikatika mteremkoni, paji la uso likagonga tangi. Bi Winifred hakutaka bei kubwa. Aliomba neno moja tu.

"Lile bonyeo liache lilivyo."

Norris akaapa, mkono kifuani. Kufika nyumbani akachukua nyundo. Mnada wa pikipiki wa Stafford ulikuwa unakaribia, na kwa fedha hizo Beryl alikwishachagua nyumba isiyo na ngazi kule Llandudno, karibu na bahari.

Basi Jumatatu ile akalinyoosha mara ya pili. Banda likajaa harufu ya kitunguu saumu kilichooza, harufu ya zile taa za gesi za pikipiki za kale, ilhali taa ya hii yenyewe ilikuwa sandukuni, kavu. Aliporudi jikoni akamkuta Beryl ameshika paji la uso.

"Nimepigwa na nini?" akanong'ona. "Hebu gusa."

Norris akagusa. Kidole gumba kikazama.

Kesho yake paji la Beryl lilikuwa sawasawa, na tangi limebonyea. Akaletwa kasisi. Akasoma sala, akala vipande vitatu vya keki, akasema ni unyevunyevu wa nyumba. Ndipo Norris akaenda kwa Bi Winifred, kofia mkononi.

"Ambrose lazima alaze kichwa mahali," bikizee akasema huku akikoroga chai. "Ukimnyima tangi, atatafuta mto mwingine."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Si nilikwambia? Au masikio hayo ni ya kutundikia miwani?"

Beryl alipoelezwa, alijipapasa paji la uso. Kisha akasema taratibu, "Liache, Norris. Pikipiki iende mnadani na bonyeo lake, na Llandudno nitaisahau. Kichwa ninacho kimoja."

"Nitaliacha, bibie."

Na pengine alidhamiria kweli. Ila siku ya mnada, alipoifunua pikipiki uani, Fearn wa chama chao cha pikipiki za kale akapita, akatazama tangi, akacheka: "Vipi, Norris, umeipigia misumari?" na wenzake wakacheka pia, na Norris akageuka kulitazama gari lake, ambamo Beryl alikuwa amekaa na kilemba alichojifunga tangu paji lile libonyee, akitikisa kichwa nyuma ya kioo, hapana, hapana, naye Norris akampa mgongo, akaufungua mdomo wa tangi, akapenyeza chuma kilichopinda, akasukuma, akagonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, taratibu kama anayegonga mlango wa mgonjwa, na harufu ile ikapanda, na mkanda wa ngozi ukasikika ukichapa, chap, chap, chap, ingawa magurudumu yalikuwa yametulia tuli, na kutoka garini hakukutoka sauti yoyote.

Tangi likang'aa. Dalali akagonga, bei ikawa nzuri. Mnunuzi, mzee mmoja wa Derby, akaja kuipapasa.

"Bonyeo liko wapi?" akauliza. "Karatasi ya mnada inasema jamaa aligonga tangi."

"Nimelinyoosha, mzee. Huoni lilivyo safi?"

"Ole wako. Ningekupa maradufu. Kovu ndilo cheti chake cha kuzaliwa. Vyuma vya kung'aa mbona vimejaa."

Norris akaenda garini. Beryl alikuwa amevua kilemba. Paji lake limeingia ndani, kina cha kikombe, na mikono yake imeshika hewa kama anayeshika usukani wa pikipiki.

"Wini amepika nini leo?" akauliza, kwa sauti ya kijana wa kiume.

Safari hii asubuhi haikurudisha kitu. Siku ya tatu Beryl akavaa koti, akashuka barabara mwenyewe mpaka kwa Bi Winifred, hakuuliza njia. Watu wanabishana kama bikizee alikusudia. Mimi nilimwona akinunua nyama ya watu wawili siku moja kabla ya mnada, na sisemi zaidi.

Norris alikwenda Jumapili, na maua.

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mke yupi?" Bi Winifred akasema, mlango ameushikilia. "Humu tumo mimi na kaka yangu."

Mezani, nyuma yake, Beryl akainua uso kutoka kwenye sahani, akamtazama Norris kama mtu asiyemfahamu.

"Nani huyo, Wini?"

"Mwuzaji tu," bikizee akajibu. "Wewe kula."