Mzee Alaani Kwanza

"Msumari, mzee asome."

"Nimekupata."

Msumari akakibonyeza kisikizio alichopewa na Ofisi ya usalama, akamgeukia mjomba wake, mhubiri. Mzee alikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada, karatasi ya serikali mapajani. Juzi watu wa imani yake walilipua kituo cha treni kwa jina la Mungu. Leo ilibidi awalaani hadharani.

"Mimi nimelipua nini, mpwa wangu? Fundi bomba mmoja akiua mtu, mafundi bomba wote huomba radhi?"

"Mjomba, usinichoshe. Soma."

"Wataniua."

"Nitakuwepo."

Mzee alimlea huyu mpwa tangu akiwa na kamasi puani. Akamwamini, maskini!

Laana yenyewe Ofisi haikuijali. Ilimtaka mkuu wa walipuaji, ambaye hakuna aliyeijua sura yake. Mkatili yule wasaliti huwaua kwa mkono wake mwenyewe.

Mimbarini, mbele ya waumini, mhubiri alisoma mistari miwili, akaikunja karatasi.

"Wale ni wauaji," alisema. "Nilitaka kulisema neno hilo tangu juzi. Nikaona haya, maana lilikuja kama amri. Tuwaombee marehemu."

Katika nyumba ile, marehemu wakiombewa, kila mtu hufumba macho. Hata mtoto akichungulia hufinywa.

Safu ya tatu, mwenye koti la kijivu hakufumba.

Msumari akaishika bastola yake, Glock, akainong'oneza Ofisi.

"Namwona. Nampiga."

"Subiri atoe silaha. Akiwa mikono mitupu, mawakili watamtoa kabla hatujanywa chai."

Angeweza kukataa.

Akasubiri.

Mwenye koti akachomoa bastola. Risasi mbili. Mzee akaanguka, macho bado kayafumba.

Ndipo Glock ikajibu. Goti. Kiganja. Mkuu wa walipuaji akalia kama mtu yeyote. Msumari akamkanyaga shingo, akampekua, akatoa rimoti ya bomu na ufunguo wa gari.

"Tumempata. Rimoti ninayo. Leteni wategua mabomu, gari lake liko nje."

"Safi sana! Na mzee?"

"Amesoma."

Binti wa mhubiri alikuwa amempakata baba yake, gauni limelowa damu.

"Kaka, ulimwona kabla hajachomoa?"

"Nilimwona."

"Ukamwacha?"

"Ilikuwa amri."

Hakulia. Alimnyooshea kipaza sauti cha baba yake, bado kimewashwa.

"Basi zamu yako. Walaani wenzako."

Waumini wote walimtazama. Msumari akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akairuka miguu ya mjomba wake, akatoka nje bila haraka.