Kaskazini ya Tilda

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Halowini, sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka majumbani kuomba peremende, familia ya Bwana Brandvold huamka mapema, hunywa uji wa shayiri, huvaa makoti na kwenda shambani kwa Bi Haugen kuchuma matufaha na kuchagua maboga. Miti ya pale Wisconsin huwa imegeuka rangi wakati huo, na asubuhi ni baridi ya kutosha kumfanya mtu azungumze huku akitoa mvuke mdomoni.

Watoto hawaendi kwa ajili ya matufaha. Wanakwenda kwa ajili ya mavazi. Kwa Bi Haugen ni marufuku kuja na vazi la kununua, tena vazi lenyewe lazima lifundishe kitu. Saa tisa alasiri kila mtoto hupanda juu ya robota la nyasi kavu mbele ya ghala, hueleza vazi lake, na mtu yeyote anaruhusiwa kumuuliza swali moja. Anayefundisha vizuri kuliko wote hupewa utepe wa buluu. Tilda, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa ameutamani utepe huo tangu akiwa darasa la pili, na miaka yote hiyo alikuwa akirudi nyumbani na boga tu.

Safari hii alijitengeneza kuwa dira. Alikata boksi likawa duara kubwa, akalipaka rangi ya dhahabu, akalifunga kamba mbili na kulining'iniza mabegani likalala mbele ya tumbo kama sinia la muuza karanga. Katikati alibandika dira ya baba yake, ile anayoitumia kuwindia kulungu kila Novemba. Kuizunguka alibandika herufi nne za rangi alizozibandua kwenye mlango wa friji, moja kwa kila upande wa dunia. Herufi ya kaskazini aliiweka upande wa mbele, karibu zaidi na dira, ili ionekane vizuri. Sindano ya dira ikageuka, ikailenga herufi ile moja kwa moja. Tilda akafurahi sana.

Mdogo wake, Nels, wa miaka sita, alikuwa jino la gego. Alivaa foronya nyeupe yenye kipande cha kitambaa cheusi kilichoshikizwa kwa pini, ndilo tundu lenyewe, na njia nzima alikuwa akitafuna peremende. Mama yake alimwambia kwamba anaieleza mada yake vizuri mno.

Walipofika, wazazi walitaka kwenda kwenye maboga. Watoto walitaka kuingia kwenye mzingile, yaani vile vichochoro ambavyo Bi Haugen huvikata katikati ya shamba la mahindi ili watu wapotee kwa raha zao. Mahindi yalikuwa yamekauka na kupita urefu wa mtu mzima. Bi Haugen, mama wa miaka sabini aliyevaa viatu vya mpira, alimkabidhi Tilda bendera ya njano kwenye mti mrefu, kama anavyowapa wote. Aliyepotea huiinua, naye humfuata. Akawakumbusha kwamba mlango wa kutokea uko upande wa kaskazini.

Baba aliitazama ile dira, kisha akamtazama binti yake.

"Umeijaribu?" aliuliza. "Umekwenda nayo pale barabara ya kanisani, kama ninavyofanya mimi?"

Barabara ya kanisani imenyooka kaskazini tupu, na Bwana Brandvold haingii msituni kabla hajasimama pale na dira yake mkononi. Tilda alikuwa ameambiwa afanye hivyo tangu Jumatano. Lakini Jumatano alikuwa anaongeza rangi ya dhahabu, Alhamisi ilinyesha, na Ijumaa alisahau. Isitoshe, sindano si ilikuwa inalenga herufi yake? Kulikuwa na haja gani?

"Nimeijaribu, Baba. Mara tatu."

"Basi nenda na mdogo wako. Msiachane, na saa nane na nusu muwe mmetoka."

Wakaingia. Tilda aliangalia sinia lake, sindano ikamwonyesha kaskazini ni mbele. Wakaenda mbele. Kichochoro kikapinda kushoto, naye akaangalia tena. Kaskazini ni mbele. Kikapinda kushoto mara nyingine, kaskazini bado ikawa mbele. Alifurahi kwamba njia ni rahisi hivyo. Walipofika mwisho uliozibwa na mahindi wakageuka na kurudi walikotoka, kaskazini ilikuwa mbele vilevile.

Hapo ndipo Tilda alipoanza kuchanganyikiwa. Alisimama, akageuka polepole hadi akamaliza mzunguko mzima. Sindano haikutikisika. Alijaribu kutafuta jua, lakini mbingu zilikuwa kijivu kila upande, hazikumsaidia chochote. Alijiuliza kama mtu anaweza kusahau kaskazini ni nini, kama vile mtu anavyosahau neno alilolijua jana.

"Dada, kwani kaskazini imehama?" Nels aliuliza.

"Kaskazini haihami. Twende."

Wakatembea. Miguu ya Nels ililowa matope, na foronya yake ikawa jino ambalo hakuna daktari wa meno ambaye angelikubali. Baada ya kona nyingi aliinama, akaokota kitu chini. Kilikuwa kipande cheusi cha kitambaa. Akajipapasa kifuani akakuta tundu lake halipo.

"Ni tundu langu hili," alisema. "Tumeshapita hapa. Inua bendera, Dada."

Tilda hakuinua. Akilini aliiona ile bendera ya njano ikipanda juu ya mahindi, watu wote wa ghalani wakiiona, halafu Bi Haugen akiingia na kumtoa nani? Dira. Dira nzima, ya dhahabu, imepotea. Baada ya kuchekwa hivyo utepe angeupataje? Akamwambia mdogo wake wasubiri kidogo, wajaribu kona moja zaidi.

Wakajaribu kona tano. Nels aliacha kuuliza. Alikuwa akilia kimyakimya huku ameshika mkia wa koti la dada yake, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Tilda alipougusa mkono ule aliona aibu, safari hii aibu ya kweli. Akashika mti wa bendera kwa mikono miwili na kuuinua juu kadiri alivyoweza.

Bi Haugen hakuchelewa. Hakuwasema wala hakuwacheka. Aliwatoa kwa kona nne tu, akampa Nels kikombe cha juisi ya matufaha ya moto, akaenda kupanga marobota yake. Wazazi walikuwa bado kwenye foleni ya maboga, baba amepakata boga kubwa, hawakuwa wameona lolote.

Tilda alikaa nyuma ya ghala na kuing'oa dira kwenye boksi. Ilipotoka tu kati ya zile herufi, sindano ikayumba, ikazunguka, ikatulia ikielekea upande mwingine kabisa. Akairudisha, ikairukia herufi ya mbele. Akaitoa tena, ikaenda zake. Akaipindua herufi moja na kuiangalia mgongoni. Sumaku. Bila shaka ni sumaku, zingeshikaje kwenye friji?

Sasa alielewa, na kuelewa kwenyewe kukamletea mtihani mwingine. Kazi ya kuzibandua zile herufi ilikuwa ya dakika moja. Angepanda robotani na dira nzima inayosema kweli, na Nels hakujua kwa nini walipotea. Jina lake likaitwa kabla hajaamua, akapanda herufi zikiwa bado palepale.

Alieleza dira ni nini na inamsaidiaje mtu msituni. Watu wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja mwenye kofia ya mwindaji, mtu ambaye Tilda hakumjua, akainua mkono na kuuliza swali ambalo wawindaji wote wa pale huuliza.

"Uliijaribu kabla hujaingia nayo kwenye mahindi?"

Tilda alimwona baba yake kule nyuma, anatabasamu, yuko tayari kusikia jibu analolijua.

"Sikuijaribu," alisema. "Nilimwambia baba nimeijaribu mara tatu, lakini nilimdanganya. Tulipotea, na mdogo wangu akalia."

Tabasamu la baba likaondoka. Tilda aliendelea kwa sababu hakujua namna ya kuacha. Aliitoa dira, akaonyesha sindano inavyokwenda, akairudisha karibu na herufi, akawaonyesha inavyodanganywa na sumaku. Akageuka mzunguko mzima ili waone kaskazini inavyomfuata yeye. Watoto waliokaa mbele wakaomba arudie, akarudia.

Utepe wa buluu alipewa msichana aliyekuja na matumbo manne ya ng'ombe, aliyoyashona kwa foronya. Kusema kweli alistahili.

Wakirudi nyumbani, walifika barabara ya kanisani. Baba akasimamisha gari pembeni, akazima injini, akageuka nyuma.

"Sumaku hata mimi ingenichanganya," alisema. "Hilo ni kosa, na kwa kosa mtu hujifunza. Lakini Nels sikumkabidhi kwa dira, mwanangu. Nilimkabidhi kwa neno lako. Neno likiwa la uongo, mimi ninayekuamini ndiye ninayepotea kwanza, halafu na wenzako wote."

Tilda akasema amekosa, na kwamba hatarudia. Alilia kidogo, mama akamwacha alie.

"Mlisema Halowini nitazunguka na Dada kuomba peremende. Sasa nitazunguka na nani?" Nels aliuliza.

Baba alifungua mlango, akamwita Tilda washuke wote wawili, akampa dira mkononi. Walisimama kwenye barabara ile iliyonyooka, sindano ikitetemeka hadi ikatulia.

"Inasemaje?" baba aliuliza.

Tilda aliangalia dira, akaangalia barabara, akaangalia dira tena kabla ya kufungua mdomo.

"Ni sawa, Baba. Sasa nimeijaribu."

Baba alimtazama usoni, kisha akamgeukia yule jino ndani ya gari. "Utazunguka na dada yako," akasema.