Mafunzo ya Bi Umulkheir Yaliyovuja

Bi Umulkheir ni somo wa mtaa wa Mkomani. Kazi yake ni kuwafunda mabiharusi. Huwafunda mapishi, udi, subira, na mengine ambayo hayaandikwi. Ukicheka, basi umeshayajua.

Siku hizi mabiharusi wengine wako mbali. Kwa hiyo mpwa wake, Shifaa, alimtengenezea programu ya simu, yenye sauti na video. Kila anayeinunua hupewa neno la siri la kuifungulia.

Alasiri moja, Bi Umulkheir alikuwa akitunga maua ya asumini. Punda akapita chini ya dirisha. Bakr, mwenye punda, alikuwa amefungulia simu kwa sauti kubwa.

"Mume akirudi amechoka, usimpokee kwa mashtaka. Mpokee kwa..."

Ilikuwa sauti ya Bi Umulkheir!

"We Bakr! Zima hiyo!"

"Niache, Bi. Nataka kujua ninachokosa nyumbani."

"Unachokosa ni adabu! Umeitoa wapi?"

"Nimetumiwa. Iko kwa kila mtu."

Magharibi haijaingia, Bi Ruba alibisha hodi. Binti yake, Hadil, alikuwa karibu kuolewa.

"Bi Umulkheir, wewe nakuamini. Simu yako siiamini. Mwanangu nitamtafutia somo mwengine."

Bi Umulkheir hakula usiku ule. Bibi yake alikuwa somo, na mama yake pia. Sasa siri za wanawake zinapita ndiani na punda!

"Lakini niliweka neno la siri," Shifaa alilalamika.

Wakamwita Safaa, jirani yao anayetengeneza programu. Safaa aliitia ile programu kwenye kompyuta. Bila neno la siri, faili zote zikaonekana.

"Programu ni kama kikapu," alisema. "Anayeipata anabeba kikapu chote, na vilivyomo. Neno lako la siri linalinda mlango wa mbele tu."

"Kama nyumba zetu," alisema Bi Umulkheir. "Mlangoni kufuli kubwa, na juu darini wanawake wanavuka nyumba hadi nyumba kwenda kusengenya."

"Ndivyo hivyo, Bi. Sasa tuzivuruge faili zenyewe kwa msimbo. Asiye na ufunguo atasikia mvumo tu. Lakini ufunguo usikae ndani ya programu."

"Nani afunge sanduku, ufunguo auache juu yake?"

"Wengi! Ufunguo utatoka kwenye seva, yaani kompyuta yetu ya mbali, ikishamtambua mnunuzi. Na mafunzo ya siri tusiyatie kabisa ndani ya programu. Yatoke huko kidogo kidogo, mtu anapotazama. Kila nakala tuitie alama ya mnunuzi. Ikivuja, tutajua imetoka kwa nani."

"Basi haitaibwa tena?" Shifaa aliuliza.

"Mtu anaweza kuirekodi kwa simu nyingine. Tunamtaabisha mwizi, hatummalizi. Na nakala zilizokwisha kutoka hazirudi."

Walipomaliza kazi, walimwalika Bi Ruba. Safaa akajaribu kuitoa sauti kwenye programu bila ufunguo, mbele yake. Ikatoka kama samaki kikaangoni, chaaa! Hakuna neno lililosikika.

Bi Ruba alitabasamu. "Na lile funzo la usiku wa kwanza, mmelifunga vipi?"

"Lile nimelitoa kabisa," alijibu Bi Umulkheir. "Mlete Hadil kesho, nimwambie sikioni."

"Nitamleta, inshallah."

Bi Ruba akajifunika buibui lake, akafika mlangoni. Akasita. Akarudi, akaketi karibu kabisa na Bi Umulkheir.

"Lakini kabla ya Hadil," alinong'ona, "hebu niambie mimi."