Makofi Tisini ya Siku ya Mvua

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, alikaa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, daftari mapajani, akimsubiri ndege mmoja mdogo wa kahawia. Dume huyo alipaa juu kabisa, kisha akapiga makofi kwa mabawa yake, pa-pa-pa-pa, ili majike wamsikie. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuhesabu.

"Misuli ya kifua ndiyo inayomrusha," shangazi, mtafiti wa ndege, alikuwa amemweleza. "Lakini makofi haya yanataka misuli inayojikaza na kulegea upesi mno. Majike humchagua dume apigaye vizuri, na watoto humrithi. Vizazi kwa vizazi, misuli imekuja kubadilika. Nataka kujua inachoka baada ya makofi mangapi."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka usingizi ulipomnogea binti yetu. Siku tatu mfululizo aliamka jua limeshapanda, akajaza namba za kubuni. Nani angejua? Ndege hasemi.

Siku ya nne shangazi alilifungua daftari, akapiga ukelele. "Wee Chiriku! Jana mvua ilinyesha asubuhi nzima, na bado alipiga mara tisini? Miaka minne naitafuta habari kama hii! Leo leo nawaandikia wenzangu."

Mvua! Chiriku alikuwa ameilala yote. Akinyamaza, shangazi atatangaza uongo, na wenzake wakichunguza watamcheka. Akisema, lo, ardhi na ipasuke immeze! Shangazi alikuwa ameshakaa mezani, anaandika.

"Shangazi, usiandike," alisema. "Nilikuwa nimelala. Siku tatu zote nimebuni."

Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alichukua rula, akaanza kukata kwa mstari ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Siku zote kumi na nane.

"Zile nyingine ni za kweli, shangazi! Haki ya Mungu!"

"Huenda. Lakini mimi nitajuaje?"

Chiriku akalia kwa kwikwi. Shangazi alimwacha alie, kisha akamsogezea daftari jipya.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini umesema mwenyewe, na kwa hilo nakushukuru. Usipoona kitu, acha wazi. Pengo nitalijua ni pengo. Uongo hufanana na ukweli. Kesho tunaanza upya, sote wawili."

Kesho yake ndege alipiga makofi manne tu. Chiriku aliandika manne.